Mkono wa Birika, Mkono wa Mungu

Kuna neno la herufi mbili linalofanya kazi kupita kiasi katika mahubiri yetu: tu. Mtu anauliza mbona Maandiko yanasema Mungu ana mikono, anashuka kutoka juu, ananusa harufu ya sadaka, anajuta. Kabla swali halijatua, jibu limeshafika: ah, hiyo ni lugha ya picha tu. Basi, mambo yameisha, tufungue mstari unaofuata.

Mimi nina ugomvi na hilo "tu". Si kwamba nadhani Mungu ana vidole na kucha. Ugomvi wangu ni wa msomaji wa fasihi. Hakuna mhakiki wa ushairi anayekubali kuambiwa kwamba sitiari fulani ni sitiari tu, ati mshairi angepata muda zaidi angeiondoa aweke maelezo ya kawaida. Tunauliza: kwa nini picha hii, hapa, na si nyingine? Inabeba nini ambacho maneno makavu hayawezi kubeba? Tukiyapeleka maswali hayohayo kwa Mwanzo, Kutoka, Isaya na Kurani, tunaona kwamba wanaosema "picha tu" wametupa sehemu kubwa ya kitabu. Tena hawaitupi kwa haki. Wanachagua cha kutupa na cha kubakiza, na hapo ndipo pananiuma.

Tuanze na mkono, kwa sababu Kiswahili kinaujua mkono vizuri. Ukiambiwa jirani ana mkono wa birika, huendi kumkagua kiwiko. Unajua ni bahili, hata chumvi hakopeshi. Ukiambiwa fulani ana mkono mrefu, unaficha simu. Hakuna aliyetufundisha tofauti kati ya mkono wa nyama na mkono wa nahau. Tulinyonya na maziwa.

Sasa soma sura ya tano ya Kurani, Al-Maida, aya ya 64. Wanatajwa watu waliodai kwamba mkono wa Mwenyezi Mungu umefungwa, na jibu linakuja kwamba mikono yake yote miwili iko wazi, anatoa atakavyo. Wanazuoni wamejadili mikono hiyo miwili kwa karne nyingi. Wako wanaoipokea kama ilivyotajwa bila kuuliza namna yake, na wako wanaoifasiri kuwa ni neema au uwezo. Mjadala huo una uzito wake na siwezi kuumaliza hapa. Lakini mtoto wa Mombasa aliyekua akisikia habari za mkono wa birika ameshaelewa tuhuma ilikuwa ipi: Mungu anasingiziwa ubahili. Na Kurani yenyewe inaonyesha kwamba usemi huo ulikuwa wa watu wa kawaida, maana katika sura ya 17, aya ya 29, ni mwanadamu anayeonywa asiufunge mkono wake shingoni wala asiukunjue wote. Hapo pesa ndizo zinazozungumzwa, si viungo vya mwili.

Je, tuseme basi kwamba maana ni "ukarimu" na tuendelee? Hapana, kuna kitu kinapotea. Ukarimu ni sifa. Unaweza kukaa nayo peke yako chumbani. Mkono uliokunjuliwa una mtu upande wa pili anayepokea. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, watu wanalilia nyama jangwani na Musa anapiga hesabu: watu 600,000 waendao kwa miguu, nyama itatoka wapi? Mungu anamuuliza kama mkono wake umekuwa mfupi. Kwa Kiebrania mkono mfupi ni kushindwa. Badilisha swali hilo liwe "je, uwezo wangu umepungua?" nawe utakuwa umepata sentensi ya ripoti ya mhasibu. Mkono mfupi unamwonyesha Musa mtu anayenyoosha mkono na kukifikia kitu, au asikifikie. Ndilo jambo lililokuwa likimsumbua.

Kuna kioja cha kimsamiati hapa. Kila mwanafunzi wa Kenya aliyesoma fasihi anajua tashbihi: unalinganisha vitu viwili kwa kutumia kama, mithili ya, mfano wa. Neno limetoka Kiarabu, na katika elimu ya itikadi ya Kiislamu neno hilohilo ni tuhuma nzito: kumfananisha Mungu na viumbe wake. Darasani linakupa alama, kwa wanazuoni linakutia mashakani. Ungedhani basi manabii wangeikimbia tashbihi. Lakini mwangalie Ezekieli katika sura yake ya kwanza. Akifika kwenye kile alichokiona juu ya kiti cha enzi, hasemi nimemwona mtu. Anasema kuna mfano, halafu mwonekano kama wa mtu, halafu, mwishoni kabisa, mwonekano wa mfano wa utukufu. Anarundika "kama" juu ya "kama" mpaka sentensi inataka kuanguka. Huyo si mshamba aliyedhani Mungu ni mzee mwenye ndevu. Ni mwandishi anayejua hasa lugha yake inaishia wapi, na anatuonyesha mpaka huo.

Mwandishi wa Mwanzo ana mbinu nyingine. Yeye hatumii kama. Anasimulia moja kwa moja: Mungu anafinyanga udongo, anatembea bustanini jioni upepo unapovuma, anafunga mlango wa safina kwa nje. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, alianza na kitabu hiki, katika mji wa Waislamu waliokuwa na mapokeo marefu ya kumtakasa Mungu na umbo lolote. Ningetoa chochote kuwasikia wenyeji wakijadili ile habari ya kutembea bustanini.

Usimuonee mwandishi huyu kwa urahisi wa lugha yake. Chukua mnara wa Babeli. Wajenzi wameapa kilele kitafika mbinguni. Halafu tunaambiwa Mungu akashuka ili auone. Soma tena polepole. Mnara uliokusudiwa kugonga mlango wa mbinguni ni mfupi kiasi kwamba mwenye mbingu inabidi ashuke ndipo auone! Hiyo ni kejeli ya hali ya juu, na imesimama juu ya kitenzi kimoja chenye miguu: kushuka. Mtakase Mungu na miguu hiyo, useme anajua yote na haendi popote, na utakuwa sahihi kitheolojia. Lakini utakuwa umeua mzaha, na pamoja nao hukumu dhidi ya majivuno ya wale wajenzi.

Au chukua sura ya 18. Wageni watatu wanafika kwa Ibrahimu jua likiwa kali, wanakaa chini ya mti, wanakula siagi, maziwa na nyama ya ndama. Sura inafunguka kwa kusema aliyemtokea ni Mungu. Wageni wakiondoka, Ibrahimu anabaki amesimama mbele ya Mungu na kuanza kuteremsha bei kama mtu anayenunua leso sokoni: Sodoma wakipatikana wema 50, utauangamiza mji? Na 45 je? 40? 30? 20? Wacha niseme mara ya mwisho, usikasirike: 10? Swali lililo chini ya biashara hii ni zito kuliko yote katika kitabu hicho: mwamuzi wa dunia nzima naye analazimika kutenda haki? Na swali hilo haliwezi kuulizwa kwa dhana. Huwezi kuomba kupunguziwa na "Chanzo cha Vyote". Unaomba kupunguziwa na mtu aliyesimama mbele yako, mwenye masikio, anayeweza kukasirika au kulegea.

Kurani inasimulia ugeni huo pia, katika sura ya 11, na inafanya jambo la kuvutia. Ibrahimu analeta ndama wa kuchoma, lakini mikono ya wageni haimfikii. Ni malaika, hawali, na Ibrahimu anaingiwa na hofu. Kula kumeondolewa. Lakini soma mbele kidogo, aya ya 74: Ibrahimu bado anajadiliana juu ya watu wa Lutu. Chakula kimeondoka, mabishano yamebaki. Kwangu mimi huo ni ushahidi kwamba kuna namna za kumsemea Mungu kibinadamu ambazo hata kitabu chenye ulinzi mkali zaidi hakiko tayari kuziacha.

Hatari ya lugha hii maandiko yenyewe yanaijua, wala hayakungoja wanafalsafa wayaamshe. Sura ya 42 ya Kurani, aya ya 11, inasema hakuna kitu mfano wake, na papo hapo, kwenye aya hiyohiyo, inasema yeye ni Mwenye kusikia, Mwenye kuona. Kanusho na picha vimewekwa bega kwa bega. Katika Biblia, fungua 1 Samweli sura ya 15. Mungu anasema anajuta kumfanya Sauli kuwa mfalme. Baadaye Samweli anamwambia Sauli kwamba Mungu si mwanadamu hata ajute. Na sura inafungwa kwa kutuambia Mungu alijuta. Kitenzi cha Kiebrania ni kimoja mara zote tatu. Mhariri mzembe hangeacha mgongano wa wazi hivyo ndani ya sura moja. Nadhani aliuacha makusudi, ili msomaji asilale upande wowote: asimfanye Mungu kigeugeu kama wanasiasa wetu, wala asimfanye jiwe lisilouma mfalme akiharibika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Kutoka sura ya 33. Mwanzoni Musa anazungumza na Mungu uso kwa uso, kama mtu na rafiki yake. Aya chache baadaye anaambiwa hawezi kuuona uso huo akaishi. Kisha anawekwa kwenye mwanya wa mwamba, anafunikwa kwa mkono, na anapoachiliwa anaona mgongo. Kwa Kiswahili, kumpa mtu mgongo ni kumtelekeza. Yeremia anautumia mgongo hivyohivyo katika sura ya 18: siku ya msiba Mungu atawaonyesha watu wake kisogo, si uso. Kwa Musa, mgongo uleule ni rehema. Ndio pekee anaoweza kuuona akabaki hai. Kiungo kimoja, maana mbili zinazopingana, na kinachoamua ni nani anaonyeshwa, na lini. Ukisema "mgongo wa Mungu ni picha tu" hujafika hata mlangoni.

Sasa nifike kwenye ule uchaguzi nilioutaja. Katika Kutoka sura ya 34 Mungu anatangaza sifa zake, na moja, kwa Kiebrania, ukiitafsiri neno kwa neno ni kwamba yeye ni mrefu wa pua. Neno *af* ni pua, na pia ni hasira, kwa sababu mtu aliyeghadhibika hupumua kwa nguvu na pua huwaka moto. Mwenye pua ndefu huchukua muda kuchemka. Tafsiri tulizozoea zimeondoa pua na kubakiza hasira, na siwalaumu watafsiri. Pua ndefu kwa Kiswahili ingeleta kicheko kisichotakiwa.

Lakini ona kilichotokea. Hakuna mhubiri anayehubiri pua ya Mungu. Hasira ya Mungu inahubiriwa kila wiki, tena si kama picha. Mvua ikikosa, Mungu amekasirika. Mtoto akizaliwa na ulemavu, mtu atanong'ona kwamba kuna jambo mama alilolifanya. Mwanamke akifiwa na mume wa pili, wazee watataka kujua amemkosea nani huko juu. Mkono ulikuwa picha tu, pua ilikuwa picha tu, lakini hasira, ambayo kwenye lugha ya asili ni pua yenyewe, imegeuka kuwa habari kamili yenye jina na anwani ya mhusika. Nani aliamua? Mbona ile nahau inayomsaidia mwenye kipaza sauti ndiyo pekee isiyokuwa nahau?

Musa bin Maimuni, yule Myahudi wa karne ya 12 aliyeishi Misri, aliliona hili. Kitabu chake cha kuwaongoza waliochanganyikiwa, alichokiandika kwa Kiarabu, kinapitia maneno ya Maandiko moja baada ya jingine: uso, mguu, kukaa, kupanda, kushuka. Na hakukomea kwenye viungo. Alisema hasira nayo ni ya kimwili kama mkono ulivyo. Tunamwita Mungu mwenye hasira kwa sababu ya matendo yanayofanana na yale ambayo kwetu hutoka kwenye hasira, si kwa kuwa kuna kitu kinachemka ndani yake. Sikubaliani naye kwa yote. Mungu wake, baada ya kusafishwa hivyo, ni vigumu kumlilia. Ila alikuwa na msimamo: aliyeondoa mkono aliondoa na ghadhabu.

Uchaguzi wa pili ni wa jinsia. Isaya anamsemesha Mungu kama mwanamke aliye katika utungu, sura ya 42, na kama mama anayembembeleza mtoto, sura ya 66. Waulize watu: picha tu. Neno "Baba" je? Hapo ghafla hakuna picha, na neno hilo huletwa kufunga kikao pindi wanawake wanapouliza nani anaruhusiwa kusimama madhabahuni. Jambo la kuchekesha ni kwamba Kiswahili chenyewe hakina ugomvi huu. Wazungumzaji wa Kiingereza wanatoana jasho juu ya kiwakilishi cha kiume na cha kike. Sisi tuna "yeye", na kiambishi *a-* kinachomfaa mama, baba, simba na mbu. Neno "Mungu" kwa umbo lake ni la mti na miti, ndiyo maana tunasema miungu mingine kama tunavyosema miti mingine. Lakini akiwa mmoja hatusemi Mungu unapenda, tunasema anapenda. Sarufi imempa uhai, jinsia haikumpa. Na neno "rehema", tulilowapa hata binti zetu kama jina, limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu unaozaa pia neno la tumbo la uzazi. Kiebrania nacho kina uhusiano huohuo. Tumeimba habari za mji wa mimba miaka yote hii na hatukujua.

Aliyeleta jinsia kwa nguvu ni mtafsiri, kwa neno "Bwana". Kwa Kiebrania pale pana jina la herufi nne ambalo Wayahudi hawalitamki. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ikaweka BWANA kwa herufi kubwa. Bwana ni mume wa mtu. Bwana ni mwajiri. Na katika Kenya ya mwaka huo wa 1952, mwaka uliotangazwa hali ya hatari, bwana alikuwa hasa mzungu mwenye shamba. Huo nao ni umbo la kibinadamu alilovikwa Mungu, na ni bayana kuliko mkono wowote. Hakuna anayelishangaa. Wanaojikwaa kwenye vidole vya Mungu hupita mbele ya BWANA kama hawajaona kitu.

Mtu ataniambia: basi tuyafute yote, pua, hasira, Baba, Bwana, tubaki na Mungu asiye na umbo wala hisia. Limejaribiwa, tena hapa Afrika. Mwaka 399 Theophilus, askofu wa Alexandria, alituma barua kusisitiza kwamba Mungu hana mwili. Watawa wengi wa majangwa ya Misri walikasirika. Cassian, aliyeishi nao, anasimulia habari za mzee mmoja, Serapion, mtu wa swala aliyeheshimika, ambaye hatimaye alishawishiwa kwa hoja na akakubali. Wenzake wakasimama kushukuru kwa sala. Mzee akaanza kuomba, akashindwa. Alianguka chini akilia kwamba wamemwondolea Mungu wake, na sasa hana wa kumshika wala hajui amwabudu nani.

Cassian anaisimulia kama habari ya mtu asiyeelimika vya kutosha. Mimi siisomi hivyo. Hoja aliyopewa Serapion ilikuwa sahihi, lakini wenye hoja walimwacha mikono mitupu. Na mwanahistoria Socrates wa Constantinople anaongeza kichekesho: watawa walipoandamana hadi Alexandria wakitisha kumuua askofu, Theophilus aliwatuliza kwa kuwaambia kwamba kuwaona wao ni kama kuuona uso wa Mungu. Roho ilipofika kooni, hata yeye aliukimbilia uso.

Ndiyo maana siku hizi nikisoma ile orodha ya sifa katika Kutoka 34 najiuliza kama mtafsiri wa Kiswahili analazimika kweli kuchagua kati ya pua isiyoeleweka na maneno makavu kuhusu uvumilivu. Tunacho kiungo chetu. Tunasema fulani ana kifua: unaweza kumweleza jambo na halitatoka, unaweza kumkosea na hatalipuka. Si kiungo kilekile, wala maana haikai sawasawa, lakini kina mwili, na kila mtu kuanzia Lamu hadi Kakuma anajua uzito wake. Mungu mwenye kifua. Atakayelisema hilo madhabahuni ajue watu watacheka. Sara naye alicheka, ndani ya hema, kimyakimya, akikana kwamba amecheka. Na mgeni aliyekuwa nje akamwambia, hapana, umecheka.